Picha ya Kukomboa Chumba

Kaka yangu alinipa wiki tisa. Alisimama mlangoni mwa chumba changu cha kuchorea, kiganja cha kulia kimefungwa bendeji, na hakutaka hata kukaa.

"Chaki," akaanza. Ndilo jina analoniita tangu nilipokuwa nachafua milango ya nyumba kwa chaki nilizoiba shuleni. "Mimi siwezi tena kukata vioo kule uani. Mvua ikinyesha naacha kazi. Jua likiwaka, kioo kinanimulika machoni siuoni mstari. Juzi nimeshonwa nyuzi saba. Nimeagiza mashine ya kukatia, na mashine inataka chumba."

Sikuhitaji kuuliza chumba kipi. Karakana aliyotuachia baba ina vyumba viwili tu. Cha mbele ni cha kaka, anatengenezea fremu za picha, na ndicho kinachotulisha sote. Cha nyuma ni changu. Kina dirisha kubwa lisiloingiza jua moja kwa moja, mwanga wake umetulia tangu asubuhi mpaka jioni, na wachoraji wenzangu wakija kunitembelea hulitazama lile dirisha kwanza ndipo wanisalimie mimi. Nimekuwa nalo miaka kumi na minne. Miwili ya mwisho sikumaliza picha hata moja.

"Na mimi niende wapi?"

"Kwako una meza."

"Meza ya kulia!"

"Si meza?" Akapangusa jasho, sauti ikashuka. "Haya, nisikilize. Jumba la sanaa linapokea picha za maonyesho ya mwaka baada ya wiki tisa. Yako ikichaguliwa, chumba ni chako, mashine nitaibana huku mbele, nitajua mwenyewe nitakavyopita. Isipochaguliwa, nakuhamisha, na hakuna kununiana. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Ile bendeji ilikuwa na doa la damu, na mimi si katili kiasi hicho. Lakini alipogeuka tu nilirusha brashi ukutani, na rangi ikanirukia mwenyewe.

Lazima nieleze hapa jinsi ninavyofanya kazi. Picha ikiniridhisha, naigeuza uso ukutani. Naiacha hivyo mpaka siku ya kutoka, nisije nikaigusa tena, maana mimi nikiona picha nzuri mkono unaniwasha: naongeza hiki, narekebisha kile, mwishowe naiua. Picha mbovu ndiyo ninayoiacha inikodolee macho. Nataka inisute kila nikiingia. Kwa hiyo mgeni akija chumbani kwangu anakuta aibu zangu zote zimejipanga mbele yake, na mazuri yangu yamempa mgongo. Kaka ameingia humo maelfu ya mara. Sikuwahi kumweleza, kwa sababu hakuwahi kuuliza, na kwa sababu nilidhani jambo hilo liko wazi kwa mtu yeyote mwenye akili zake. Na kwa miaka miwili hapakuwa na picha hata moja iliyogeuzwa.

Aliyenifukuza chumbani alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. "Unajifungia humo na kuta nne, picha itakujia kwa mlango upi?" akaniuliza. "Toka. Kaone za wenzako. Safiri. Kaa hata chini ya mti." Watu wasiochora hata duara wana ushauri mwingi sana kuhusu kuchora. Lakini sikuwa na jingine la kufanya, nikatoka.

Nilianza na jumba la sanaa, Jumanne asubuhi, siku ambayo halina watu. Sakafu ilikuwa imepigwa dawa mpaka inateleza. Nikasimama mbele ya picha ya kwanza, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye kona ya fremu.

Naijua kona ya kaka yangu hata gizani. Anachukua unga wa mbao ileile, anauchanganya na gundi, anauziba kwenye maungio na kuusugua kwa kidole gumba mpaka mstari unapotea. Baba ndiye aliyetufundisha. Utotoni kazi yangu ilikuwa kushikilia kona mpaka gundi ikauke, mikono imekufa ganzi, huku nikijichorea kwa macho picha itakayokaa humo ndani. Sasa nilikuwa nimezungukwa na picha arobaini na moja, na nilichokuwa nikiona ni kona. Hii ya kaka. Hii si ya kaka, imeachia. Hii ya kaka, ya zamani, kabla hajabadilisha gundi.

"Mama, rudi nyuma ya mstari," mlinzi akaniambia.

"Natazama kona."

"Kona ya nini?"

"Ya fremu."

Akanitazama kwa huruma. "Watu huwa wanatazama picha."

"Najua watu wanatazama nini!" nikamfokea, na sauti ikazunguka ukumbi mzima. Nikaenda kukaa kwenye benchi, nikijiona mjinga. Mbele ya benchi palikuwa na picha kubwa ya buluu, na chini yake jina la binti niliyemfundisha kushika brashi shuleni. Ilikuwa nzuri. Nilitafuta kosa kwa robo saa nzima, sikulipata. Nilimwonea wivu, nikanyanyuka nikarudi nyumbani na daftari tupu.

Basi nikasafiri. Shangazi yetu anaishi milimani, nusu siku kwa treni halafu mwendo wa miguu, karibu na maporomoko ya maji ambayo kila mtu aliyeyaona anarudi akiyasimulia kwa mikono. Nilifunga rangi, nikakunja kanvasi, nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha kuchora, nikaenda.

Siku ya kwanza kwenye maporomoko nilikuta wageni. Nimeketi tu kwenye jiwe, baba mmoja akanijia na simu yake: "Samahani, mama, tupige moja, sote na maji yaonekane." Nikawapiga. Familia ya pili ikaona nimewapiga wa kwanza. Mpaka jua linashuka nilikuwa nimewapiga watu kumi na moja na ukoo wao, na mimi sijachora hata kokoto.

Siku ya pili niliwahi mapema, nikasogea karibu. Mvuke wa maji ukalowesha karatasi, wino ukatiririka. Siku ya tatu nikapata nilichokitaka: hapakuwa na mtu, hapakuwa na upepo, karatasi ilikuwa kavu. Nikakaa saa nne. Maji yakawa yanaanguka. Nikangoja yaniambie kitu, nayo yakaendelea kuanguka. Nikachora mawe, nikachora povu, nikachora miti ya upande wa pili, kila kitu mahali pake, na moyoni mwangu kimya kabisa. Siafu wakanipanda mguuni. Hao ndio viumbe pekee walionigusa mlimani kule.

Siku ya nne mvua ilifunga njia. Nikabaki jikoni na shangazi, ambaye alikuwa na ndoo ya viazi vya kumenya, kisu butu, na mambo aliyoniwekea tangu mwaka juzi.

"Umekonda."

"Sijakonda, shangazi."

"Umekonda. Na yule mume uliyemwacha, nasikia kajenga."

"Ameniacha yeye."

"Ni yaleyale." Akaninyooshea kisu. "Na kaka yako anaumia mikono kwa ajili yenu nyote, wewe umekuja huku kutazama maji. Maji! Bombani kwenu hakuna maji?"

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Shangazi ni shangazi, humjibu. Kwa hiyo nikavuta kipande cha kanvasi, nikakitandika juu ya meza kati ya maganda, na nikamchora ili nisimjibu. Sikuchora mistari ya kwanza, sikupima kichwa na mabega. Chupa ya kijani ndiyo iliyokuwa wazi, nikampaka kijani usoni. Kila aliponiambia neno nikampiga brashi moja. Mdomo nikauacha wazi kwa sababu haukufungwa hata mara moja. Ganda la kiazi linaning'inia kisuni, kisu kinanitazama mimi. Saa moja na nusu, nikachoka kumkasirikia.

Akazunguka meza, akainama. "Huyu ni nani?"

"Wewe."

"Mimi si wa kijani." Akarudi kwenye viazi vyake.

Nilirudi nyumbani na kuanza kazi ya kweli. Picha ya shangazi niliiwamba kwenye mbao, nikaiweka chini ya dirisha, imenikabili, pamoja na mabaya mengine. Halafu nikatandika kanvasi pana kama urefu wa mikono yangu miwili, nikachora maporomoko. Wiki tano. Nilichora kila jiwe. Nilipaka povu kwa tabaka saba, kila moja nikilingoja likauke. Wifi alikuwa akileta chai, anachungulia, anasema, "Mh! Mtu anaweza kunywa." Siku niliyomaliza niliitazama kwa muda, nikaona hakuna kitu cha kuongeza, nikaigeuza uso ukutani. Mgongo wa kwanza baada ya miaka miwili. Nikaketi sakafuni nikalia kidogo, kwa uchovu na kwa raha.

Siku ya mwisho ya kupokea picha iliangukia siku ya mtihani shuleni, na mimi ndiye msimamizi. Asubuhi nikapita karakana mbiombio.

"Kaka, nipelekee picha. Imekauka, ni ya kutiwa fremu tu."

"Ipi?"

"Si utaiona! Iliyokwisha ni moja tu."

Nikaondoka. Nilirudi saa nane na nusu mchana na njaa yangu, nikaingia chumbani, nikakuta maporomoko yako palepale, yamenipa mgongo. Chini ya dirisha palikuwa na pengo.

"Kaka!" Nadhani mtaa mzima ulisikia. "Umepeleka nini?"

Akatokea na penseli sikioni, uso umechangamka. "Shangazi. Nimemtilia fremu nyeusi, nyembamba. Nimecheka peke yangu njia nzima."

"Ile ni takataka! Picha ni hii!"

"Hiyo uliyoificha?"

"Sikuificha, niligeuza!"

"Chaki, mtu anageuza ukutani kitu anachokionea aibu."

"Mimi nageuza ninachokipenda!"

Akanitazama, akaitazama kanvasi, akanitazama tena. "Nani anafanya hivyo?" akauliza taratibu, na hakuwa ananitania. "Kwa hiyo miaka yote hii, nikiingia humu, nilikuwa natazama unazozichukia?"

Niliyafunga maporomoko kwa shuka, nikasimamisha teksi, nikabishana na dereva mpaka akakubali kuacha dirisha wazi na kona ya picha ichungulie nje. Nikafika jumba la sanaa saa tisa na nusu. Karani wa mapokezi alikuwa mzee mwembamba mwenye muhuri mkononi, mtu asiye na haraka na lolote duniani.

"Msanii mmoja, picha moja," akasema. "Kubadilisha unaweza, mpaka saa kumi. Utatia saini hapa." Akaingia stoo, akarudi na shangazi, akamwegemeza ukutani. Mimi nikayafungua maporomoko, nikayaegemeza kando yake.

Laiti nisingeziweka pamoja.

Nilitazama maporomoko yangu na nikaona kazi. Mawe yalikuwepo. Povu lilikuwepo, tabaka zote saba. Hakuna tone lililokuwa linaanguka. Ilikuwa picha ya kalenda, ile ya mwezi ambao hakuna anayekumbuka kuugeuza. Halafu nikamtazama shangazi, wa kijani, mabega hayalingani, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na nikajikuta namsubiri amalize sentensi. Nikaanza kumkasirikia upya. Nilisimama pale jumba la sanaa, nimemkunjia uso mwanamke wa rangi.

Niliumia. Sitaki kudanganya kwamba nilifurahi kugundua. Wiki tano nimekesha juu ya jiwe moja moja, na saa moja na nusu ya hasira jikoni imenishinda kirahisi hivyo. Safari yote ile, siafu wale, ukumbi ule wa picha arobaini na moja, na kitu kilichokuwa hai nilikipata nilipokuwa sikitafuti, nikakitupa na mabaya. Nilitaka kupiga kitu teke.

"Hiyo ya maji wataipenda," karani akasema, akipulizia muhuri wake. "Si kwamba mimi najua kitu. Lakini napokea hapa miaka ishirini. Mwaka jana za namna hiyo zilipita tano. Hiyo nyingine..." Akainamisha kichwa. "Hiyo nyingine inagombana na mtu."

"Najua."

"Basi tia saini."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaliona dirisha langu. Nikaiona meza ya kulia, taa ya kuning'inia juu yake, kitambaa cha plastiki chenye maua. Nilichotakiwa kufanya ni kuandika jina langu, na miaka mingine kumi na minne ya mwanga ule ilikuwa yangu. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika sita.

Nikarudisha kalamu. "Iache ya shangazi," nikamwambia, na sauti yangu mwenyewe ilinikera. Nikayafunga maporomoko kwenye shuka, na kwa kuwa sikuona teksi, nikayabeba mpaka nyumbani kwa miguu, yakinigonga goti kila hatua.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Mistari mitatu: wanashukuru, ushindani ulikuwa mkubwa, picha yangu haikuchaguliwa, nije kuichukua. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena, nikaikunja mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Ningekuwa mtu wa kuamini kwamba ukifanya jambo la haki unalipwa, siku ile ningeacha kuamini.

Kaka alinyoosha ile karatasi juu ya meza yake ya kazi. Nilikuwa nimekwisha kumweleza maneno ya karani.

"Kwa hiyo chumba ulikuwa nacho mkononi," akasema, "ukakiachia."

"Nilikiachia."

"Wewe ni mwendawazimu."

"Ndiyo."

Akapiga meza kwa kiganja kile chenye mshono, akauma meno kwa maumivu. "Mimi nimekwisha kupima huku mbele! Tazama!" Akanionyesha sakafuni. Palikuwa na mistari ya penseli, umbo la mashine, na nafasi nyembamba ya mtu kupita kiubavu. "Nilijua utashinda. Nimeshamwambia na wifi yako nitapunguza tumbo." Akageuka haraka, na kwa muda mrefu alijitia anatafuta skrubu kwenye kopo. Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu.

Akanihamisha Jumamosi asubuhi, kama tulivyoelewana, ila kununiana tulinuniana. Yeye anabeba, mimi nafunga. Hakuna aliyesema neno lisilokuwa "shika" au "sogea". Kanvasi zilitoka, mbovu kwanza. Stendi ya kuegemezea picha ikatoka. Mwisho likabaki kabati la rangi, lile la mbao nzito alilolitengeneza baba, na kaka hakutaka msaada wangu. Akalitia mgongoni, akainama, mikono ameirudisha nyuma kushika kingo, akaanza kutoka.

Mlangoni likakwama. Mlango ni mwembamba, na yeye amenenepa. Akasimama pale, kabati limejaa mlango wote, shingo imetoka mishipa, jasho linamdondoka puani. Mwanga uliotulia wa dirisha lile ulikuwa nyuma yake, ukipenya pembeni mwa kabati na kumchora bega moja tu. Kovu jipya la kiganjani lilikuwa jekundu kwenye mbao. Na uso wake, Mungu wangu, uso wa mtu aliyenikasirikia mpaka mwisho na ambaye, endapo ningemwambia neno moja, angelirudisha kabati lote ndani.

Sikulisema. Nilikuwa tayari nimepiga magoti mbele yake, napekua boksi tulilokwisha kulitoa.

"Chaki, vuta huku! Limekwama!"

"Usitoke."

"Unasemaje?"

"Baki hapohapo. Usilishushe." Nikapata karatasi, nikapata kipande cha mkaa, nikaanza na bega.

Akatukana tusi ambalo sijalisikia tangu baba alipokuwa hai. "Hili kabati lina uzito wa ng'ombe! Mgongo wangu!"

"Naona. Kichwa kirudishe kama kilivyokuwa. Hasira usipunguze."

"Sitapunguza!" Miguu ilianza kumtetemeka. Mkono wangu ulikuwa unakwenda bila kuniuliza, shingo, kovu, ubavu wa kabati, mlango. Wifi alifika na birika, akatutazama wote wawili, akaliweka chini polepole.

"Bado?" kaka akauliza, meno yameumana.

"Bado."

Akavuta pumzi, akalipandisha kabati vizuri mgongoni, akatulia. Nikaitupa ile karatasi pembeni na kuchukua ya pili.